Mtega Fuko wa Himbi

Siku ya kwanza Munyaneza hakuniomba kitu, alinawa tu huku amenuna. Mimi ni Léopold, mlinzi wa lango kwenye ofisi moja ya Himbi, mtaa wa Goma, na hakuna anayepita kwangu bila kunawa maji ya javeli, dawa ile kali ya kuua vijidudu, kwa sababu ya kipindupindu. Hata askofu angekuja, angenawa.

Muzee huyu alikuwa mkulima wa Rutshuru. Vita vilimleta Goma, akakaa miaka miwili bila shamba, juu ya mawe haya ya volkano ambayo jembe haliyawezi. Kwao alijulikana kwa kutega fuko. Na fuko ndio waliokuwa wakiharibu majani ya Mama Bénita, mkubwa wa ofisi yetu: udongo wa bustani uliletwa kwa lori, nao wakafika, sijui kwa njia gani. Mama alimwambia akikamata fuko kabla ya Ijumaa kwisha, kazi ya bustani ni yake, ya kudumu.

Mtego wenyewe ukiuona utacheka. Fimbo iliyopindwa, kitanzi cha kamba ndani ya njia ya fuko, basi. Yeye aliuita umutego, Kinyarwanda cha kwao; sisi wa Bukavu tunasema mutego. Nikamtania kwamba wametuibia neno. Akanijibu bila kucheka kwamba wote tumelitoa kwenye kutega, na kutega ni kuweka kitu tayari halafu kusubiri: sikio linategwa, kitendawili kinategwa, na kwao hata kusimama barabarani kungoja motari, yule wa pikipiki, ni kutega.

"Kamba kila mutu anajua kufunga," alisema. "Kungoja ndiyo kazi."

Loo, muzee na maneno yake!

Jumatano, hakuna kitu. Alhamisi fuko alifika karibu kabisa na kitanzi, akageuka akachimba kwingine. Munyaneza akanusa vidole vyake, akanijia.

"Papa Léopold, ni javeli yako. Fuko haoni, lakini ananusa. Kwetu mwenye kutega hashiki sabuni, anajipaka udongo kwanza."

"Muzee, unataka nifukuzwe?"

"Hapana. Nimekuelezea tu."

Maneno hayo yaliniudhi siku nzima. Angenitukana ingekuwa nafuu. Ijumaa asubuhi alikuja na mikono myeusi kwa udongo, akasimama mbele ya ndoo ya javeli, hakunawa. Nikatazama upande wa ziwa, nikamwachia apite.

Saa tano fimbo iliruka. Fuko mnene huyo! Tulipiga kelele wote, mpishi na madereva, na mimi furaha ilinipanda kana kwamba nimetega mwenyewe. Mama Bénita alishuka akicheka, akamnyooshea muzee mkono, kisha akaurudisha.

"Hii mikono haikunawa. Nani alikuruhusu kuingia?"

Nilifungua mdomo. Munyaneza akanitangulia.

"Ni miye, mama. Nilimudanganya mulinzi kama nimenawa kwa ziwa."

Mama aliutazama udongo mikononi mwa muzee. Kisha akasema javeli ile ni uhai wa watu, na anayedanganya langoni hawezi kufanya kazi ndani. Alimshukuru kwa fuko. Muzee akakusanya kamba zake.

Nina watoto wanne, na kazi Goma ni ya kutafuta kwa tochi. Toka bustanini mpaka langoni ni hatua kama arobaini, na zote nilitembea naye. Ningeweza kurudi kusema. Nilijichukia, lakini sikurudi.

"Ubakie na amani, papa," aliniambia.

Nikamfungulia lango.