Barua Isiyo na "Wako Mtiifu"

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nyumbani kwa mwalimu wangu, Maalim Makame, kule mtaa wa Ng'ambo. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, nami nilikuwa msichana mwimbaji wa klabu yetu ya taarabu. Yeye ndiye aliyetunga wimbo uliopigwa kila sherehe ya serikali, lakini hakuna aliyemtaja. Sherehe iliyopita alizuiwa langoni kwa kukosa kadi ya mwaliko. Mimi nikauimba ndani, mwenye wimbo kasimama nje ya uzio. Mpaka leo moyo unaniuma.

Basi asubuhi hiyo Maalim akaketi kuwaandikia wakubwa wa serikali, kwa mkono wake mwenyewe. Zama hizo watu walinung'unikia jikoni, tena kwa kunong'ona. Mkewe, Bi Mwanaidi, hofu ilimjaa.

"Angalau mwisho tia 'wako mtiifu', kama wanavyoandika watu."

"Utiifu nnao, Bi Mwanaidi. Lakini hapa siombi ruhusa, nnadai ahsante."

Akamalizia: "Mimi, mwenye wimbo." Akapiga pasi kanzu, akaipeleka barua mwenyewe.

Siku chache baadaye, nikiwa tena pale kwao, gari ya serikali ikasimama mlangoni. Bi Mwanaidi akaanza kumfungia mumewe nguo, akijua anachukuliwa. Akaingia ofisa mmoja kijana, barua mkononi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

"Wakubwa wameuliza mbona hukutia 'mtiifu'. Lakini wamekubali, jina lako litatajwa."

"Langu peke yake? Hebu isome tena. Nimeandika na la huyu aliyeimba, na la marehemu mpiga ngoma wetu. Nafasi ikiwa ndogo, futeni langu."

Sikuwa na habari kwamba nimo. Yule kijana akaisoma upya, kisha akaomba kalamu, akayapigia mstari majina yote matatu.

Sherehe iliyofuata yalitajwa, la kwanza la marehemu. Mjane wake, aliyewekwa viti vya mbele, alijifunika uso kwa buibui akalia. Maalim alikuwa akikaza nyuzi za fidla yake, wala hakuinua kichwa. Sijaona mtu mkubwa kama yule.

Kwa hiyo, mwanangu, ukinyimwa shukrani, idai kwa adabu bila kujidhalilisha, na uandike jina lako chini. Ila kabla hujaifunga bahasha, jiulize umemsahau nani. Mungu akujaalie kazi njema, na siku jina lako litakapotajwa, lisitajwe peke yake.