Karatasi Tatu za Mama Faustin

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo ningefurahi kuisahau, lakini jana umenirudisha kule kule. Nilikuona mlangoni ukimrudisha yule binti wa Mbugangari. Ulimwambia ananuka pombe, aende kwanza kwa wanaosaidia walevi, akishaacha kunywa ndipo aje kwako kutibiwa akili. Ulimwambia kwa upole, jinsi nilivyokufundisha. Sikukusema mbele ya watu. Nilikuwa nimechoka, tena kosa hilo lilikuwa langu kabla halijawa lako.

Siku hizo nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi nyumbani kutoka Tanzania, nina cheti cha uuguzi, Kiswahili cha shule, na majivuno makubwa kuliko vyote viwili. Kituo chetu kilikuwa na milango miwili iliyotazamana. Mmoja ulikuwa wa wagonjwa wa akili, ndiko nilikokaa mimi, na mwingine wa watu wanaotaka kuacha pombe. Sisi tulisema mlevi hatumpi dawa mpaka aache kunywa. Wenzetu walisema anayesikia sauti hawamgusi mpaka sauti zitulie. Na sote tulijiona tunafanya kazi vizuri sana.

Faustin alikuwa kijana wa Kanama, mbeba mizigo pale Grande Barrière, kwenye kivuko cha mpaka wa kwenda Goma. Alisikia sauti zikimtukana mchana kutwa, na alikunywa kanyanga, ile pombe kali ya magendo. Mama yake alimleta kwangu mara tatu. Mara tatu nilimwandikia karatasi ya kumpeleka mlango wa pili. Nilikuwa na mwandiko mzuri, mwanangu, hata leo nausifu mwenyewe kwa kuwa hakuna anayenisifia.

Mara ya nne mama alikuja peke yake, kitenge kimelowa. Akafungua Biblia yake, akatoa karatasi zangu tatu, akazipanga mezani.

"Muganga, unaandikaka muzuri," akasema. "Huku munasema aache pombe kwanza. Kule banasema atibiwe kichwa kwanza. Ule mwenye kunywa na ule mwenye kusikia sauti, ni mutu moja. Mi nilimuzala mara moja tu."

Nikamuuliza Faustin yuko wapi.

"Alivuka Goma. Alisema hapa hakuna mulango yake."

Hakupiga kelele. Angepiga, ningejitetea. Alizikunja karatasi akazirudisha ndani ya Biblia, akaondoka, nami nikabaki na aibu ambayo haijaisha mpaka leo.

Tulimtafuta miezi saba. Kila siku yangu ya mapumziko nilivuka mpaka na yule mama, tukiuliza sokoni na makanisani. Tulimkuta amekaa nyuma ya duka la mbao, jicho moja limekufa. Watu walimpiga kwa sababu alikuwa akijibizana na sauti zake, wakadhani anawatukana wao.

Niliketi chini karibu naye, nikamuuliza swali ambalo mara zote tatu sikuwa nimemuuliza: kwa nini unakunywa?

"Nikikunywa, zinanyamazaka kidogo," akasema. "We ulikuwa unafikiri ni furaha?"

Basi tukamvusha mpaka kurudi nyumbani, nami nikaanza upya. Nilimwita mwenzangu wa mlango wa pili, tukamkalisha Faustin katikati, dawa na pombe tukavizungumza meza moja, siku moja. Usifikiri alipona kama kwenye mahubiri. Alirudia kanyanga mara nyingi mno, na kila mara nilikasirika, nikaenda nyumbani nikasema basi, mimi siwezi tena. Kesho yake alikuwa benchini ananingoja. Leo analima viazi kwao Kanama, huja kila mwezi kuchukua dawa. Hajawahi kunilaumu. Ananitazama tu kwa lile jicho lililobaki, ananisalimia, na mimi ndiye ninayeangalia pembeni.

Sasa nisikilize, kwa maana sina nguvu za kurudia. Mtu akija kwako amelewa na anasikia sauti, usimgawe. Usimpe sharti la kupona kidogo kabla hujamsaidia. Angeweza hilo, asingekuja. Mwulize pombe inamfanyia nini, kisha ngoja jibu hata likichelewa. Kama kazi inayobaki ni ya mwenzako, mlete mwenzako kwake, usimtume yeye na karatasi. Akianguka tena, mpokee bila kumhesabia makosa. Utachoka. Mimi nimechoka miaka yote hii, na sijui dawa ya uchovu huo zaidi ya kuuficha asiuone mgonjwa.

Na kesho asubuhi usije kazini moja kwa moja. Pitia Mbugangari, umwulizie yule binti nyumba kwa nyumba, na ukimpata umwombe radhi kabla ya neno lingine lolote.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu, aupe moyo wako subira kubwa kuliko aliyoupa wangu, na akujalie umkute ana macho yake yote mawili.