Pikapu Ilikunywa Mafuta, Mimi Nikamvunja Mkono Dereva

Umewahi kuona watu wanataka kumchoma mtu, kiberiti kinawashwa, na moto unakataa kushika?

Mimi nimeona. Kigwa, mchana kweupe, siku ya gulio.

Na aliyewaita wale watu ni mimi mwenyewe.

Naitwa Nasri. Nyumbani ni Ipuli, Tabora mjini. Kwetu biashara ni ya ukoo. Babu wa babu yangu aliipita njia hiyohiyo ya Kigwa kwa miguu na mzigo begani, zama za misafara. Mimi nilikuwa naipita kwa pikapu.

Pikapu yenyewe ya zamani, ya petroli. Rangi huwezi kuitaja kwa jina. Milango inafungwa kwa kubamizwa. Lakini injini nzima, na mafuta ilikuwa inaonja tu.

Kwenda Goweko kufuata karanga na kurudi, lita kumi na nane. Hapo ndipo nilipokuwa nikitamba kijiweni. Wenye magari mapya walikuwa wananuna.

Dereva wangu alikuwa Masanja, Msukuma wa Igunga, amenizidi miaka kumi na tatu. Tulikuwa pamoja mwaka wa kumi na moja. Mtu wa maneno machache. Hanywi, havuti. Mke wangu Mwanahawa alishikwa uchungu mara mbili, na mara zote mbili Masanja ndiye aliyemkimbiza hospitali.

Basi, miaka minne iliyopita, baada ya mvua kukatika, pikapu ikaanza kunywa.

Lita ishirini na mbili. Ishirini na tano. Mwezi wa sita, safari ileile, mzigo uleule, ikala ishirini na nane na ikazimika kabla ya kuingia mjini.

Nikamwita Masanja uani.

"Mafuta yanakwenda wapi?"

"Bosi, gari linavutwa. Kuna kitu kinalishika huku nyuma. Nilishakwambia tulipeleke kwa fundi."

"Plagi nimebadilisha. Kabureta imeoshwa. Unataka nini tena?"

"Siyo injini, bosi. Ni nyuma."

Nikaona ananizungusha. Nikamwambia, "Nenda kaendeshe."

Akaenda.

Wiki hiyo akaja Doto, jamaa wa bodaboda tunayekaa naye mtaa mmoja. Hakuwa na ubaya na mtu. Alisema alichokiona.

"Kaka Nasri, dereva wako nimemkuta Kigwa. Kasimamisha gari pembeni ya gulio, kainama nyuma karibu na tanki, ana dumu."

"Dumu?"

"La njano. La lita kumi."

Kichwa kikapata moto. Lita kumi! Ndizo hasa nilizokuwa napoteza.

Jumatano iliyofuata Masanja alitoka alfajiri kwenda Goweko. Kwenye saa nne nikapanda pikipiki ya Doto, tukaenda Kigwa kumsubiri. Tukakaa kwenye kibanda cha soda, macho barabarani.

Saa sita na kidogo pikapu ikatokea, magunia ya karanga yamejaa. Ikasimama pembeni kabisa, mbali kidogo na watu.

Masanja akashuka. Akapotea kidogo nyuma ya vibanda. Aliporudi ana dumu la njano. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma upande wa kushoto. Ndiyo upande wa tanki.

Wallahi sikuwaza. Miguu ilinipeleka yenyewe.

Nikafungua mlango wa pikapu, nikachomoa spana ya matairi chini ya kiti. Masanja akanyanyua uso.

"Bosi..."

Nikampiga.

Alikinga kwa mkono wa kushoto. Mfupa ulipovunjika niliusikia, mlio kama wa kuni kavu. Akaanguka, akamwita mama yake kwa Kisukuma.

"Mayu! Mayu wane!"

Nikampiga tena mgongoni. Halafu nikafungua mdomo nikatamka neno ambalo kama ningekuwa na uwezo ningelirudisha tumboni.

"Mwizi! Mwizi wa mafuta!"

Gulio zima likageuka.

Waliomfuata hawakuuliza kaiba nini, kaiba kwa nani. Walikuja na walichonacho. Fimbo za ng'ombe. Mawe. Mwingine kashika kiatu. Mwanamume mmoja mwenye shati la kijani alimkanyaga usoni kwa gambuti, akarudia, akarudia, huku anahesabu kwa sauti kama mchezo. Jicho la kulia la Masanja likafumba palepale. Damu ikaingia mchangani.

Mimi nilikuwa nimesimama na spana yangu. Na niseme ukweli, dakika ile ya kwanza nilijisikia vizuri.

Shati la kijani akaliona dumu.

"Si anapenda mafuta? Mpeni mafuta yake!"

Akalinyanyua, akammwagia lote, kichwani mpaka miguuni. Mtu akatoa kiberiti.

Njiti ya kwanza ikaangukia kifuani kwa Masanja. Ikalia *chss*, ikazimika.

Ya pili ikazimika.

Ya tatu aliisogeza mwenyewe kwa mkono mpaka kwenye kola ya shati. Ikafa.

Watu wakatazamana.

Ndipo pua yangu ikanipa habari. Hakukuwa na harufu ya petroli. Kulikuwa na harufu nyingine, ya kitu kilichoungua, inatoka kwenye gurudumu. Nikatazama. Gurudumu la nyuma lilikuwa linafuka moshi, na pale lilipodondokewa na matone lilikuwa linachemka.

Yalikuwa maji. Dumu lilikuwa la maji.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Jamani acheni, siyo mwizi! Ni maji!"

Unafikiri walinisikiliza?

"Sasa hivi ulisema mwizi."

"Nimekosea! Huyu ni dereva wangu!"

"Kumbe mnajuana!" Shati la kijani akanicheka. "Na huyu mwenzake!"

Ngumi ya kwanza ilining'oa meno mawili. Fimbo ikanikuta sikioni, nikapiga magoti. Doto alijaribu kunishika, akapigwa jiwe la paji la uso, akakimbia. Simlaumu.

Nilivyoanguka, uso wangu ukawa karibu na uso wa Masanja. Jicho lake moja lilikuwa wazi, linanitazama.

Nikamwona shati la kijani anaingia chini ya pikapu na kisu. Akakata mpira wa mafuta. Petroli ya kweli sasa, ikaanza kutiririka. Akakinga kwa kopo la rangi.

Nilijikojolea. Sioni aibu kuandika. Nilianza kutamka shahada, ulimi haufiki mwisho.

Sasa sikia.

Alitokea mama mmoja, mnene, kitenge kimefungwa kifuani, ana sufuria ya maharage kaishika kwa vitambaa viwili. Hakupiga kelele. Alifika, akaimwaga sufuria yote mgongoni kwa shati la kijani aliyekuwa anatoka chini ya gari.

Yule mtu alilia kama mbuzi. Kopo likamwagika.

Mama akageukia watu.

"Nani mwingine? Nimebakiza sufuria ya uji, inachemka!"

Wakarudi nyuma.

"Dumu hilo ni la kwangu! Maji nimempa mimi Nyamizi! Kila Jumatano baba huyu anakuja, ananiamkia, ananiomba maji ya kupoza gurudumu. Mnataka kumchoma kwa maji yangu?"

Mmoja akaangusha fimbo. Mwingine akaondoka anatazama chini. Ndani ya dakika tatu gulio lilikuwa linauza nyanya kama kawaida.

Mama Nyamizi akapiga magoti, akamfunga Masanja mkono kwa khanga yake. Mimi hakunigusa. Aliuliza tu, "Wewe ndiye uliyeanza?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kaa hapo usubiri askari."

Nikakaa.

Nikiwa mahabusu, mdogo wangu Mfaume aliipeleka pikapu kwa Mzee Kasimiri, fundi wa pale Ipuli. Kasimiri akainyanyua kwa jeki, akajaribu kuzungusha lile gurudumu kwa mkono. Halizunguki. Breki ilikuwa imeganda, inashika muda wote hata mguu usipoigusa. Miezi mitatu injini ilikuwa inaburuta gurudumu lililofungwa. Mafuta yote yalikuwa yanaishia hapo, yanageuka joto.

Alitengeneza kwa saa moja. Safari iliyofuata ya Goweko pikapu ilikula lita kumi na nane.

Mfaume aliponiletea habari hiyo, nililia mpaka mahabusu wenzangu wakahama kona.

Mahakamani nilikiri. Nikafungwa miaka miwili. Shati la kijani hajapatikana mpaka leo.

Nilipotoka, nilimaliza wiki moja nyumbani, wiki ya pili nikaenda Igunga.

Nilimkuta Masanja mlangoni kwake, anasuka kamba ya ng'ombe kwa mkono wa kulia na meno. Wa kushoto haunyooki. Jicho la kulia limekuwa jeupe. Mkewe Sayi aliponiona alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa chini mchangani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Likabaki swali lililokuwa linanikosesha usingizi gerezani.

"Mzee Masanja, ulikinga pigo la kwanza tu. Una nguvu kunishinda. Uliniona nakuja na spana. Kwa nini hukukimbia?"

Akaiweka kamba chini.

"Sikuiona spana, bosi. Nilikuona wewe."

"Sasa?"

"Nilifurahi. Nikasema, leo kaja mwenyewe, ataona gurudumu linavyofuka. Leo ataniamini."

Akaokota kamba yake, akaendelea kusuka.

Nilibaki pale mpaka ng'ombe wakarudi, na hakunifukuza, wala hakuniambia amenisamehe. Mpaka leo hajaniambia. Sijamuuliza tena.

Nimeandika hii kwa ajili yako wewe mwenye pikapu kuukuu. Siku ikianza kunywa mafuta, piga jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono wako mwenyewe. Dereva akikwambia ni nyuma, inama nyuma ukaangalie.

Kuinama kunachukua dakika mbili. Mimi niliona ni kazi.