Siku Kina Mama Walipokuja Kumwombea Shosho Yangu

Hadi leo nikisikia kina mama wakiimba njiani natafuta pa kujificha, na kabla hamjacheka wacheni niseme mwenyewe kwamba aibu ile niliipika kwa mkono wangu, kwa neno moja tu nililosema nikiwa nimeshika jerikeni.

Ninafanya kazi na kuishi hapa Naro Moru kwa mama mmoja anayechukua farasi waliotupwa (watu wote wanamwita Mama Farasi, hata mchungaji). Kati yao kuna jike mzee, Zawadi, aliyekuwa akibeba watoto siku za sherehe kule Ruring'u, na alipochoka, mwenye mali akamwacha kando ya barabara. Alifika kwetu mbavu nje, mdomo unanuka. Daktari wa mifugo akamng'oa magego mawili yaliyooza, akaniambia nimsafishe mdomo kwa maji ya chumvi na nimpe chakula laini tu. Lakini Zawadi alikataa pumba tulizoloweka, akageukia ukuta na kusimama hivyo kama mtu aliyemaliza safari. Ndipo nikamkumbuka shosho yangu kule Gatitu, nyanya aliyenilea, jinsi mwishoni alivyokuwa hana meno na kitu pekee alichokubali ni uji mwepesi wa wimbi, mimi nikimshikia kikombe. Nikamuuliza daktari. Akasema nijaribu, lakini upoe na usiwe na sukari.

Sasa uji kando ya soko anauza Muthoni. (Nikiandika jina hilo kalamu inasimama kidogo.) Kabla ya hapo nilikuwa napita ng'ambo ya barabara, ili nimwone vizuri bila yeye kuniona.

"Jerikeni mzima?" akaniuliza. "Na bila sukari? Nani mgonjwa kwenu?"

Ningesema farasi, mambo yangeishia hapo. Lakini niliona vibaya kumwambia msichana kwamba uji wake unaenda kwa farasi, na shosho alikuwa bado moyoni mwangu, basi neno likatoka lenyewe.

"Ni shosho."

"Pole. Ako na shida gani?"

"Aling'olewa meno. Ya nyuma."

"Maskini. Na analala?"

"Analala akiwa amesimama," nikasema, kwa sababu mimi si mwongo mzuri, nikianza uongo narudi kwenye ukweli kabla sijafika mbali.

Akatikisa kichwa. "Hayo ni maumivu, ati."

Zawadi aliunywa wote na kulamba ndoo, kwa hivyo nikarudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila asubuhi Muthoni anauliza habari za shosho nami namwambia kweli tupu (amependa kukunwa nyuma ya masikio, jana ametembea mpaka langoni), na yeye anacheka polepole huku akimimina, na mimi narudi nyumbani nikihisi kama nina shosho tena. Siku moja akataka jina, apate kumwombea. Jina la marehemu sikuweza kulitoa, nikasema Zawadi. Jumapili mchungaji akamwombea mama yetu Zawadi mbele ya kanisa zima, nami nikainama hadi paji la uso likagusa kiti cha mbele.

Na mnajua desturi yetu, mgonjwa akishaombewa kanisani lazima atembelewe.

"Jumatano tunakuja kumwona," Muthoni akaniambia.

"Hapendi wageni."

"Mgonjwa hakatai wageni," akadakia Mama Kariuki, kiongozi wa kina mama, aliyekuwa kwenye benchi na kikombe chake. "Wewe kijana usinyime shosho yako baraka."

Nilipanga kuwangoja langoni mchana niwaambie shosho amerudi Gatitu. Wao wakaja asubuhi. Nilikuwa ndani ya zizi na bomba langu la kusukumia maji ya chumvi mdomoni, na Zawadi hafungui mdomo mpaka aongeleshwe, basi nilikuwa nikimwongelesha kama kawaida yetu.

"Fungua mdomo, mama. Polepole. Jana tena Muthoni aliuliza juu yako. Akiinama kumimina uji nasahau hata pesa nimeweka mfuko gani. Siku moja nitamwambia, ukipona tu. Lakini usipone haraka, ukipona nitanunua uji kwa sababu gani?"

Nje, kina mama walikuwa wamenyamazisha wimbo wao waliposikia kijana akimbembeleza shosho yake (haya Mama Kariuki alikuja kuyasimulia soko zima), wakasimama kimya nyuma ya mbao, wote, Muthoni akiwa katikati yao. Kisha mlango ukasukumwa. Vitambaa vyeupe vichwani, vyondo vya chakula, chupa ya chai, na blanketi jipya limekunjwa vizuri. Zawadi akageuza kichwa, akapiga chafya, na maji yote ya chumvi yakamwagikia kifua cha Mama Kariuki.

"Shosho ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye."

"Huyu ndiye tuliombea kanisa mzima?"

"Ndiye, mama."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akazibwa mdomo. Mama Kariuki alijipangusa bila haraka.

"Tumetembea kutoka sokoni na viatu vya kanisa," akasema. "Hatuwezi kurudi na maombi kwa kiondo. Fungeni macho."

Akauombea ufizi wa farasi upone. Akaomba na huyu kijana naye apewe mdomo. Wakamfunika Zawadi lile blanketi, wakatoka, na kicheko hawakukiachilia mpaka walipopita lango. Muthoni alibaki nyuma.

"Na shosho yako mwenyewe?"

"Tulimzika. Gatitu."

Akamgusa Zawadi shingoni, akaenda.

Nilijificha siku kadhaa. Daktari akaja, akasema vidonda vimefunga, Zawadi anaweza kutafuna majani mabichi. Nikachukua jerikeni nikaenda hivyo hivyo.

"Sasa hii uji ni ya nani?" Muthoni akauliza.

"Ni yangu."

Akatia sukari bila kuniuliza. Akakoroga kwa muda mrefu, kisha akasema, akiangalia sufuria, "Yale maneno ulikuwa unaambia farasi, sikuyasikia vizuri. Mama Kariuki alikuwa anakohoa."

Mama Kariuki hakukohoa hata mara moja. Nilijua, na Muthoni alijua kwamba najua.

"Nilikuwa namwambia afungue mdomo," nikasema.

"Na alifungua?"

"Alifungua."

Akafunga kifuniko cha jerikeni, akanipa.

Baadaye alihamia Karatina kusaidia dada yake, na sasa pale anauza mama mwingine, uji wake una mabonge. Zawadi amenenepa, asubuhi za baridi anavaa blanketi lake la kanisa. Nimeapa kwamba neno la mtu sitamwambia farasi tena. Nikimfungulia mlango ananitegea masikio, anangoja, nami nanyamaza. Maneno nayaweka. Karatina si mbali.