Titi Nililolibeulia

Nilipokuwa mtoto niliambiwa kwamba mimi ndiye niliyemletea mama yangu ugonjwa. Aliyeniambia ni Bibi, mama yake baba, na wala hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ileile ya kuniambia nikafunge mbuzi. Mama alikuwa ameota uvimbe kwenye titi la kushoto. Mimi ni kitinda mimba, wa mwisho kunyonya ni mimi, na Bibi alikuwa na hakika kwamba mtoto akibeua huku ameng'ang'ania titi, ile hewa hubaki ndani. Inaweza kulala miaka, halafu siku moja ikaamka.

"Kabula ndiye aliyelibeulia," akasema, "na Kabula ndiye atakayelichana."

Nilikuwa na miaka saba. Leo nina arobaini na moja, nafundisha sayansi darasa la sita hapa Ilemela, na wiki tatu zilizopita, nikiwa naoga, nilikuta kitu kigumu kwenye titi langu mwenyewe, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Daktari alinipapasa, hakutabasamu, akaandika karatasi: Alhamisi nirudi wachukue kinyama wakapime. Karatasi niliitia kwenye mkoba. Mume wangu sikumwambia. Nilijiambia wacha kwanza mitihani ya watoto ipite, ndipo niende. Jamani, mitihani! Kana kwamba uvimbe una kalenda ya shule.

Kuchana kwenyewe kulikuwa hivi. Asubuhi, kabla sijaonja kitu wala kumwamkia mtu, Bibi ananiita chumbani kwa Mama na kuvuta pazia. Mama amekaa kitandani, kanga kiunoni, anaangalia ukuta. Napewa kitana cha mti kilichopashwa moto kidogo jikoni, nachana kutoka juu kushuka hadi kwenye chuchu, mara saba. Nikimaliza, naweka vidole juu ya uvimbe, niseme ukoje. Mwenye titi haruhusiwi kujishika. Bibi alisema uvimbe ukishikwa na mwenyewe unashtuka, unakimbilia ndani. Bibi naye hawezi kumshika mkwe wake titi, ni mwiko. Kwa hiyo nyumba nzima ilitegemea vidole vya mtoto wa darasa la kwanza.

"Umepungua?" Bibi anauliza.

Siku za mwanzo nilisema kweli: bado. Bibi anaguna, Mama anafumba macho, nami naenda shule nikijua nimemtenda mama yangu jambo ambalo hata kuliombea msamaha siwezi, maana sikumbuki kulifanya. Kumwambia mtu nilikatazwa, mambo ya ndani hayatoki nje. Nikirudi nyumbani nakutana na uso wa Mama, na kesho yake asubuhi pazia linavutwa tena. Nilitamani kuugua mimi ili nipumzike.

Siku moja nikachoka. Nikasema, "Umepungua."

Loo, ungemwona Mama! Aligeuka akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu tuanze, akacheka. Bibi akapiga kigelegele cha chinichini ili majirani wasisikie. Uvimbe ulikuwa kama yai. Nikasema sasa ni kama ndimu. Wiki iliyofuata nikasema harage. Uongo wa namna hii ukishauanza huwezi kurudi nyuma, kwa sababu ukisema leo uvimbe umekua utaulizwa jana ulishika nini. Chini ya vidole vyangu uvimbe ulikuwa unazidi yai, nami nazidi kuupunguza kwa mdomo. Nikafika kwenye choroko. Baada ya choroko sikuwa na kitu kidogo zaidi cha kutaja.

"Umekwisha," nikasema.

Bibi alichinja jogoo. Firigisi, ambayo kwetu ni ya baba mwenye nyumba, ikawekwa kwenye sahani yangu, na Baba mwenyewe akapiga makofi. Niliitafuna, nikaitafuna, haikushuka. Mama akanipangusa mdomo kwa ncha ya kanga. "Kula, daktari wangu," akasema. Nilitoka nikaenda kuitema nyuma ya nyumba, kwenye mawe, nikalia mpaka nikatapika.

Masika yote yakapita. Ndipo mama mdogo, mdogo wake Mama, fundi cherehani wa Igoma, akaja kumpima Mama gauni la harusi ya binamu yetu. Mama aliponyanyua mikono, mama mdogo akaona ngozi ya titi ina vishimo kama ganda la chungwa.

"Dada! Nini hiki?"

"Kiliisha," Mama akajibu.

"Kiliisha, nani kasema?"

Mama akanitazama. Nami nikatazama sakafu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama mdogo akasema, na kesho yake alimpeleka hospitali kubwa mwenyewe. Mama alikatwa titi lote, akapewa dawa zilizomnyonyoa nywele. Alipona, namshukuru Mungu. Ila nilimsikia mama mdogo akimweleza Baba kwamba wangewahi, huenda wangetoa uvimbe peke yake. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Bibi alifariki akiamini kwamba uvimbe wa kwanza uliisha kweli, kisha ukaja mwingine.

Sasa Mama anaishi kwangu. Jumapili hii, baada ya kanisa, tulikuwa tumekaa barazani tunachambua mchele. Sikupanga kusema. Nilifungua mdomo kutaja karatasi ya hospitali, yakatoka ya zamani.

"Mama, ule uvimbe haukuwahi kupungua. Nilidanganya."

Hakuinua macho kwenye ungo. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliposema. Ulikuwa ukienda shule, najifungia, najishika mwenyewe. Kila siku, Kabula."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka yote hiyo! "Ukaniacha nibebe peke yangu? Mtoto wa miaka saba?"

"Niliogopa," akasema. "Ungesema umekua, ingebidi niende. Uliposema umepungua nikapata pa kujificha. Nisamehe, mwanangu."

Nilikuwa na maneno makali, tena yalikuwa tayari. Lakini nilimhesabia umri wake wa wakati ule, nikaona alikuwa mdogo kuliko mimi wa leo. Bibi alijificha kwenye kitana, Mama akajificha kwangu, na mimi, mwalimu wa sayansi, ninajificha kwenye mitihani ya darasa la sita. Najua vizuri kwamba mbeuo wa mtoto haukai kwenye titi. Kujua hakujanipeleka popote kwa wiki tatu. Woga haujali umesoma mpaka wapi.

Nikamshika mkono, vidole vyake vimejaa vumbi la mchele, nikauingiza chini ya blauzi yangu. Vikazunguka, vikasimama. Nilisubiri aniambie ni kitu kidogo tu, kitaisha. Nilitaka aseme hivyo, kweli nilitaka.

"Upo," akasema. "Kabula, upo. Kipimo lini?"

"Alhamisi."

"Tunakwenda wote."

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu. Kisha nikamwita binti yetu, mwenye miaka minane, kwa sababu watoto husikia hata visivyosemwa. Nikamwambia mimi mama yake nina uvimbe, Alhamisi nakwenda kupimwa, na si yeye aliyeuleta.

"Kauleta nani sasa?" akauliza.

"Hakuna mtu."

Akanitazama kama ambaye hajaridhika na jibu. Kisha akaniuliza kama anaweza kwenda kucheza, nikamwambia nenda.