Sanduku la Shefu

Mwaka 1990, nikiwa na miaka kumi na miwili, taabu iliingia nyumbani kwetu Likasi, Kongo, ikinuka vumbi lililoungua. Mpaka leo nikiwasha kompyuta ya zamani iliyolala miaka mingi, vumbi lake likaanza kupata joto, harufu ile hunirudisha uani kwa baba, nami hucheka peke yangu kama mwendawazimu. Nitawaambia kwa nini.

Baba alikuwa karani. Ofisi yake ilifungwa, na kwa kuwa mishahara haikuwepo, kila mtu aliambiwa achukue kitu aende nacho. Wenye akili walichukua meza, mabati, ndoo za rangi. Baba alichukua kompyuta. Aliileta juu ya kigari cha kusukuma, tai shingoni, akisalimia watu njia nzima kama anayemleta bibi arusi.

Mama aliitazama mara moja, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa Mkasai wa maneno machache, fundi wa kuziba sufuria zilizotoboka, na tangu siku ile sufuria za watu ndizo zilizotulisha. Mimi nilitolewa shuleni, darasa la tano. Msinihurumie, shule na mimi tulikuwa tumechokana. Nilirudi nyumbani na penseli fupi na gomu, kile kifutio chenye upande mwekundu laini na upande wa bluu unaokwaruza kama mchanga.

Jirani yetu Kalasa, mvunja mawe wa machimbo ya Kakontwe ambaye chokaa haikumtoka hata kwenye nyusi, alimkuta baba akishusha mzigo.

"Shefu! Hiyo sanduku itatupikia bukari?" Bukari ndio ugali wetu.

"Jumapili nyuma ya misa ukuye hapa," baba akajibu. "Itaandika jina yako, weye mwenye hujui kuiandika."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, muniite Sanduku mpaka kufa!"

Mtaa mzima ulisikia. Na kwetu jina la utani likikupata, hata wajukuu zako wataitwa kwalo. Baba alikuwa amepoteza kazi. Kilichobaki mikononi mwake ni lile jina la heshima tu, Shefu, yaani mkubwa.

Ijumaa akaiwasha. Ikanuka, ikanguruma, ikalia piii ndefu, kisha nyingine fupi fupi, na kioo kikabaki cheusi kama mdomo wa shimo la mgodi. Akaizima, akaiwasha. Piii. Jumamosi akaizaba kofi la ubavuni. Mama akaweka chini chuma chake cha moto.

"Baba Mutombo," alisema, akimwita kwa jina langu, "kintu ikikataa hatuipigake. Tunaiosha kwanza."

"Utaosha mashini na sabuni?"

"Fungua nione."

Tukaifungua. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la Likasi la kutosha kupanda mihogo. Mama akalifagia kwa unyoya wa kuku, taratibu, kama anayemsafisha mtoto masikio. Kisha baba akachomoa bodi ndogo, ile inayolisha kioo. Ukingoni ilikuwa na safu ya meno ya dhahabu, nayo yalikuwa meusi kama ya mvuta tumbaku. Mama akaagiza majivu na ndimu, dawa yake ya sufuria. Baba akapiga yowe. Hapo ndipo mimi nikatoa gomu yangu.

Nikasugua jino moja kwa upande wa bluu. Likang'aa. Mama akaiinua bodi kwenye mwanga, akalitazama.

"Endelea. Usikimbie."

Nikasugua yote, pande zote mbili, ulimi nje. Baba akarudisha bodi mahali pake, akabonyeza. Kimya kabisa. Umeme ulikuwa umekatika, kama ilivyo desturi yake, na haukurudi mpaka asubuhi tukiwa kanisani. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama sanduku limepona. Baba aliimba misa nzima akikosea maneno.

Tuliporudi watu walikuwa wanaingia uani, kila mmoja na kiti chake. Mbele yao Kalasa, ameoga mpaka nikamsahau sura, kiti kichwani.

"Shefu, mupira inaanza saa ngapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikajisemea: maskini, huyu anadhani ni televisheni. Baba akanyoosha tai yake. Akabonyeza swichi. Harufu ikapanda. Mngurumo. Mlio mmoja, mfupi. Halafu, katikati ya ule weusi, herufi za kijani.

Baba akadonoa kwa kidole kimoja, akiitaja kila herufi: K, A, L, A, S, A. Kalasa akaruka toka kitini, akijigonga kifua. "Njo minye yule! Muone, njo minye!" Makofi yalipigwa mpaka kuku wakapanda ukutani. Kila mtu aliandikwa. Mama alilitazama jina lake kwa muda mrefu, akasema, "Iko safi," kama anayeikabidhi sufuria. Ilipofika zamu ya katekista umeme ukakatika, na kicheko chetu nadhani walikisikia hata kule mbali, Buluo.

Nilitembea kama jogoo tangu siku ile. Nimemwokoa baba yangu kwa gomu! Nilisimulia hivyo miaka na miaka, hata nilipokuwa mchomeleaji, mwenye karakana yangu mwenyewe.

Siku moja Kalasa, sasa mzee wa fimbo, alinikuta naiongezea kompyuta ileile ya baba memori. Nikamtania kuhusu ule mpira wake.

"Weye Mutombo, minye nilijua televizyo mbele weye uzaliwe. Ile Jumapili mupira ya kweli ilikuwa ku baa. Tuliiacha."

"Juu ya nini?"

"Jumamosi nilipita kila nyumba. Nilisema, kesho kila muntu akuye na kiti yake. Mashini iandike, isiandike, tunapiga makofi. Shefu hataitwa Sanduku."

Nikaiweka bisibisi chini. Nikamvutia kiti.

Leo nina nyumba ya matofali. Karakana ya kuchomelea. Lori moja la kubebea chokaa. Kompyuta kumi na moja za zamani, tisa zinawaka, mbili ni kaidi. Ya baba, ambayo diski yake ilikufa na sasa inatumia kadi ndogo kama ukucha. Kipande cha gomu, upande wa bluu tu. Na viti ishirini ambavyo sikodishi kwa mtu yeyote. Watu wakija kutazama, wakae.