Mipigo Arobaini ya Kisima cha Heru Juu

Yusta aliijua silinda kwanza kwenye pikipiki. Kaka yake, Elisante, alikuwa na gereji Kasulu mjini, na kabla ya kuolewa Heru Juu alimshikia spana miaka mitatu. Kwa hiyo mwaka 2012, kamati ya maji ilipotafuta mtu wa kutunza bomba la mkono, ni yeye peke yake ambaye hakushangaa kusikia kwamba chini kabisa, mita thelathini ardhini, kuna silinda ya shaba na pistoni ndani yake.

"Ni ndugu wa ile ya pikipiki," aliwaambia. "Kule moto unaisukuma pistoni, huku mkono wa mtu unaivuta. Kote kuwili, penye upenyo kazi inapotea bure."

Kufikia 2014 kisima kilikuwa na tabia yake. Anayefika wa kwanza alfajiri hupiga mpini mara arobaini ndipo maji yatoke. Wanaomfuata huyapata papo hapo. Watu walisema kisima kinalala na lazima kiamshwe. Kwa kuwa hakuna aliyependa kukiamsha, ikawa desturi kwamba mkamwana mpya ndiye hutangulia. Mwaka ule zamu ilimwangukia Josepha, aliyeolewa kutoka Munanila, naye alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama mkwe wake, Esteri, hakuona ubaya.

"Mwaka jana alipiga mkamwana wa Evaristi. Amekufa?"

"Kisima hakilali, mama," Yusta alimwambia. "Vali ya chini ya silinda haifungi vizuri. Usiku maji yaliyo kwenye paipu yanashuka yote. Hiyo mipigo arobaini ni ya kuzijaza upya."

Kipriani, mwenyekiti wa kamati, hakupendezwa. Kung'oa paipu kumi ili kuifikia silinda kulitaka wanaume sita na siku nzima bila maji, tena kiangazi. "Maji yanatoka," alisema. "Sasa tunatibu nini?"

"Yanatoka kwa mgongo wa mtu mmoja."

"Haya. Ukifungua usikute kitu, spana ya kamati unarudisha, tutafute fundi mwingine."

"Nitarudisha."

Wakazivuta Jumamosi. Paipu ya sita ilipotoka, mmoja wa wavutaji alifuta jasho. "Shemeji, tukiendelea hivi tutatoboa dunia, tumtoe Mchina huko chini."

"Akitoka mpe kamba, naye avute," Yusta alijibu.

Silinda ilipofika juu aliilaza kwenye gunia na kuifungua. Pistoni ilikuwa nzima, na washa zake, zile pete za ngozi, bado laini. Ngozi hupitisha matone siku zote. Ya kuyazuia ni vali ya chini. Akafungua kitako cha silinda. Vali ilikalia kipande cheusi cha mpira, kigumu kama kwato, kimejikunja ukingoni kiasi cha kupitisha ukucha. Haukuwa mpira wa kiwandani. Ulikatwa kwa kisu kutoka kwenye tyubu ya lori, na Yusta aliutambua mkono ulioukata. Mwaka wake wa kwanza wa kutunza bomba, kipuri cha vali kilichelewa, naye akakata ule mpira ushikilie wiki moja. Kipuri kilipofika, maji yalikuwa yanatoka, akakiweka akiba. Ndicho hicho kilichokuwa mfukoni mwake sasa.

Hakuna mwingine pale ambaye angeujua mpira ule. Wanaume walikuwa wamekaa kivulini wanagombania kiberiti. Yusta aliushika kwa muda, kisha akamkabidhi Kipriani, aliyekuwa amesimama kando yake.

"Huu niliuweka mimi. Ndio unaovujisha."

Kipriani aliukunja, ukakatika. "Lini?"

"Mwaka juzi. Niliona maji yanatoka, nikauacha."

Esteri, aliyekuja kutazama, alianza kuhesabu kwa vidole wakamwana waliokiamsha kisima, akafika wa tatu, akaacha. Wanaume wote walimtazama mwenyekiti.

"Tulisema spana unarudisha usipokuta kitu," Kipriani alisema. "Umekuta. Funga tunywe maji."

Josepha, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, hakuridhika. "Basi kesho, dada Yusta, tangulia wewe."

Yusta alifunga kipuri kipya, na kesho yake alfajiri akatangulia. Maji yalitoka mpigo wa pili. Alijaza kwanza ndoo ya Josepha, akajitwika, akaipeleka hadi mlangoni kwa Esteri. Akafanya hivyo kila siku mpaka mtoto alipozaliwa.